KITABU CHA PICHA KATIKA NYUMBA YA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Chama, jioni ya Jumamosi, na mwanachama wetu mmoja, karani wa masjala. Imepigwa chapa hapa kwa agizo la Halmashauri, ili wanachama walio vituo vya mbali nao wapate kuisoma.)



Bwana Mwandishi aliponiuliza nitasema habari gani, nikamjibu kwamba nitasema habari za vitabu vya picha vya watoto wadogo, alinitazama kitambo, kisha akaniuliza kama nafanya mzaha. Simlaumu. Katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za mishahara, likizo, nyumba, na kupandishwa cheo. Na mambo hayo ni mazito, yanatuhusu sote. Walakini naona kuwa neno nililo nalo leo si jepesi, na mwisho wa hotuba hii nitaleta ombi mbele ya Chama, mlikubali au mlikatae.

Naanza kwa kuungama. Mimi, kama wengi wenu, nala kwa kusoma. Tangu asubuhi hata jioni nafungua barua, nazitia namba, naziweka katika majalada yake, na barua ikipotea ni mimi niulizwaye. Nyumbani kwangu palikuwa na kitabu cha sala, kamusi, na nakala za gazeti hili. Kitabu cha mtoto hakikuwako hata kimoja. Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka mitano niliona ni aibu mtoto wa karani kwenda shule hali hajui herufi. Basi nikaandika ba, be, bi, bo, bu, na silabi nyingine zote, juu ya karatasi kubwa (ya kununua, Bwana Mwenyekiti, si ya ofisi). Kila jioni nikamketisha mbele ya taa, na ufito juu ya meza.

Baada ya miezi miwili alikuwa akisoma karatasi ile pasipo kukosa, nami nikajisifu kwa majirani. Siku moja akaja mgeni, mtu mzima, mwalimu wa zamani. Nikamwita mtoto asome. Akaishika karatasi, akaisoma yote tangu juu hata chini, kwa sauti nzuri. Mgeni akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, “Bwana, itazame ile karatasi.” Nikatazama. Mtoto alikuwa ameishika kinyume, juu imekuwa chini. Alikuwa ameshika wimbo. Maandishi hakuyajua hata moja.

Nilimpiga mbele ya mgeni. Nilimpiga kwa aibu yangu, wala si kwa kosa lake. Tangu siku ile, kila aliposikia kengele ya baiskeli yangu njiani alikimbilia jikoni kwa bibi yake. Sasa yu darasa la tano. Husoma akiamriwa, na mtihani hupita. Lakini sijapata hata siku moja kumwona amechukua kitabu kwa hiari yake. Deni hilo, waungwana, ni langu.

Mtoto wangu wa pili ni msichana. Alipokuwa na miaka mitatu, rafiki yangu aliyerudi kutoka Dar es Salaam alimletea kitabu chembamba cha picha, chenye habari za kuku na vifaranga wake, na mwewe azungukaye juu. Mimi nilikitia rafuni, nikisema atakisoma akijua kusoma. Mama yangu mzazi ndiye aliyekiteremsha. Mama yangu hajui A wala B. Siku moja nilirudi mapema nikawakuta chini ya mwembe, mtoto yu mapajani, kitabu kimefunguliwa, na bibi anahadithia kana kwamba anakisoma. Habari aliyoitoa haikuwamo kitabuni hata kidogo. “Mwewe anatazama wapi?” auliza bibi. “Anatazama huku.” “Na kifaranga wa tano yuko wapi?” Mtoto akatafuta, akamwona nyuma ya chungu, akapiga makofi.

Ikawa hivyo kila siku kwa majuma mengi. Jioni moja mtoto akaniletea mimi kitabu kile, nikamsomea maneno yake kama yalivyopigwa chapa. Akanizuia. “Siyo hivyo,” akasema, “bibi anasema vingine.” Nikamwambia, “Bibi anasema aonayo katika picha, nami nasema yaliyoandikwa hapa chini.” Akaweka kidole chake juu ya mstari, akanitazama, akauliza: “Haya ndiyo yanayosema?”

Mabwana, nimekuwa karani miaka kumi na miwili, wala sijaulizwa swali kubwa kuliko lile. Kwamba alama nyeusi juu ya karatasi ni maneno ya mtu, na kila akizitazama ajuaye atasikia maneno yale yale: hilo ndilo sikuweza kumfundisha kaka yake kwa ufito miezi miwili. Mtoto huyu aliliona mwenyewe, kwa sababu picha ilikuwa imempa kwanza haja ya kujua. Tena alijua tayari kitabu hufunguliwa upande gani, na ya kuwa kina juu na chini, maana kuku hasimami kwa kichwa.

Tangu hapo nimetafuta habari za vitabu vya namna hii, na zipo nyingi. Nitataja chache.

Kitabu cha picha chenye sifa kuu katika habari za kale kilipigwa chapa mwaka 1658 katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, nacho kinaitwa Orbis Sensualium Pictus, maana yake ulimwengu wa mambo yaonekanayo, uliotiwa katika picha. Aliyekitunga ni Comenius, mwalimu na mchungaji kutoka Moravia, aliyezaliwa mwaka 1592. Mtu huyu alipata misiba mingi. Alifukuzwa kwao kwa ajili ya dini, mke wake na watoto wake wawili wakafa kwa tauni, na mwaka 1656 mji wa Leszno alikokaa ukachomwa moto, na maandiko yake ya miaka mingi yakateketea. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu hiki cha watoto. Kina sura 150, kila moja na picha yake. Kila kitu katika picha kimetiwa namba, na namba ile ile imeandikwa kando ya jina lake katika maneno ya chini, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Sisi wa masjala twaijua kazi hiyo. Na mwanzoni mwa kitabu herufi zinafundishwa kwa sauti za wanyama: kunguru na mlio wake, kondoo na mlio wake. Comenius alisema kwamba hakuna kitu kiingiacho akilini pasipo kupita kwanza katika milango ya maarifa, yaani macho, masikio, na mengineyo. Basi mtoto na aone, ndipo ataje.

Wa pili ni daktari wa Frankfurt, jina lake Heinrich Hoffmann. Karibu na Krismasi ya mwaka 1844 alizunguka madukani amtafutie mwanawe wa miaka mitatu kitabu. Akakuta hadithi ndefu na mahubiri makavu, asipendezwe na hata kimoja. Basi akanunua daftari tupu, akarudi nyumbani, akachora na kuandika mwenyewe. Rafiki zake wakamhimiza, kikapigwa chapa mwaka 1845, na baadaye kikaitwa Der Struwwelpeter. Namsifu daktari huyu kwa daftari lake. Sipendi yote aliyotia ndani yake, maana yumo mtoto anyonyaye vidole gumba akaja fundi cherehani akamkata kwa mkasi. Na mimi nimekwisha kueleza vitisho huzaa nini.

Wa tatu ni mwanamke wa Kiingereza, Beatrix Potter. Mwaka 1893 alimwandikia barua mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alipokosa habari ya kumpa akamchorea sungura wanne na mama yao. Baadaye aliifanya barua ile kuwa kitabu, akakipeleka kwa wachapaji, wakakikataa. Mwezi wa Desemba 1901 akapiga chapa nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe. Na mwaka 1902 wachapaji Frederick Warne wakakitoa kwa rangi. Alishika neno moja tangu mwanzo, kwamba kitabu sharti kiwe kidogo, kienee katika mikono midogo. Angalieni, mabwana: daftari la baba na barua kwa mtoto mgonjwa. Vitabu hivi havikuanza kwa mitambo mikubwa.

Wa nne ni wa siku za karibu zaidi. Mwaka 1954 huko Marekani mwandishi John Hersey alilalamika katika gazeti la Life kwamba watoto hawasomi vema kwa sababu vitabu vyao vya kwanza vinachosha, na picha zake hazina uhai. Mtungaji na mchoraji aitwaye Dr. Seuss akapewa maneno machache yaliyochaguliwa, akaambiwa atunge kitabu ambacho mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukiweka chini. Kitabu hicho, The Cat in the Hat, kilitoka mwaka 1957, na ndani yake mna maneno 236 tu, yakirudiwa kwa mizani na vina.

Hapa nataka tusimame, maana ni rahisi kuiga pasipo kufikiri. Je, nasi tuhesabu maneno 236 ya Kiswahili? Kiswahili hakikujengwa hivyo. Mwingereza ana maneno mengi mafupi ambayo mtoto sharti ayajue kwa sura, kwa kuwa maandishi yake na matamshi yake mara nyingi havipatani. Sisi tuna irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akizijua silabi anaweza kutamka neno lolote, hata “hawatatusahaulisha”, na asijue hata chembe ya maana yake. Faida hiyo ndiyo pia hatari yetu. Mwanafunzi wa Kiingereza hukwama, mwalimu akajua kwamba amekwama. Mwanafunzi wa Kiswahili huweza kwenda mbio kwa sauti nzuri, kama mwanangu na karatasi yake, na kumbe akilini hamna kitu. Kwa hiyo picha kwetu si pambo. Picha ndiyo impayo mtoto maana. Akisoma “paka amelala”, na pichani paka anakimbia, akicheka tutajua kwamba amesoma. Asipocheka, ametamka tu.

Jambo jingine ni urefu. Neno letu moja hubeba mambo mengi: mtendaji, wakati, na kitendo, vyote vimeshikamana. “Tutawapikia” ni neno moja, na ni sentensi kamili. Basi mtungaji wa kitabu cha mwanzo hana budi kuchagua maneno ya silabi mbili tatu, ambayo mtoto anayajua kwa kinywa chake: kuku, bata, paka, taa, moto, maji, mama, baba, kaka, dada. Na vitendo viende kwa namna moja kwanza: anakula, analala, analia. Herufi zipandanazo, kama ng’, mbw, na ndw, zingoje kitambo. Mbwa mwenyewe, ingawa kila mtoto anamjua, jina lake ni gumu kwa aanzaye. Lakini katika kitabu cha kutazama tu na kusimuliwa, mbwa na aingie, hana kosa.

Maana vitabu hivi ni vya aina mbili, nasi tusivichanganye. Kipo cha mtoto ambaye hajaanza kusoma: hicho picha zake zijieleze, na mkubwa ndiye msomaji. Kipo cha mtoto anayeanza kusoma mwenyewe: hicho maneno yawe machache, herufi kubwa, nafasi baina ya maneno iwe wazi, na mstari usikatwe ovyo. Aina zote mbili zataka picha za mambo ambayo mtoto anayajua, au yaliyo karibu na anayoyajua. Nilipata kumwonyesha binti yangu kitabu cha nchi za baridi chenye picha ya tufaa. Akasema, “Nyanya.” Ukurasa mwingine ulikuwa na ng’ombe aliyekatwa na ukingo wa karatasi, kichwa na kifua tu. Akauliza kwa huzuni, “Ng’ombe huyu nani amemkata miguu?” Mchoraji alijua kanuni yake, lakini mtoto hajaifunzwa. Kwa mdogo kabisa, mnyama na aonekane mzima.

Tena mtoto apende kujiona kitabuni. Huko Marekani mwaka 1962 Ezra Jack Keats alitoa The Snowy Day, habari za mtoto mweusi aitwaye Peter achezaye katika theluji. Mwaka uliofuata kikapewa nishani ya Caldecott, nishani kuu ya vitabu vya picha nchini mwao. Kwetu theluji haiko, ila kileleni. Lakini mvua iko, na mto, na mbuzi aliyekula nguo kambani, na foleni ya bombani. Nani atayatia mambo haya vitabuni kama si sisi?

Wala nisiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 1991 ulianzishwa nchini Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, kuwasaidia watungaji, wachoraji na wachapaji kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yakapewa mtaala wenye kukaza kusoma, kuandika na kuhesabu. Na tangu mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini limeweka katika mtandao wa intaneti hadithi nyingi za picha katika lugha za Afrika, Kiswahili ikiwamo, na ruhusa ya kuzinakili imekwisha kutolewa. Kwa hiyo kusema “havipo” si kweli tena. Neno la kweli ni kwamba haviko nyumbani kwetu.

Najua majibu. Wa kwanza atasema, “Kazi hiyo ni ya mwalimu.” Nami nasema, mwalimu hupokea mtoto wa miaka sita katika chumba chenye watoto wengi, aliyekwisha kushika kitabu na asiyepata kukishika huketi dawati moja, na baada ya mwaka mmoja huwa mbali mbali. Samaki mkunje angali mbichi. Wa pili atasema, “Picha ni mchezo, zitamvivisha mtoto.” Mama yangu na mjukuu wake wamekwisha kumjibu. Wa tatu atasema, “Ni ghali.” Huyo anasema kweli. Picha ya rangi hupigwa kwa wino wa namna nne, njano, samawati, nyekundu na nyeusi, kila mmoja na bamba lake. Na gharama ya mabamba ni ile ile, zikitoka nakala mia au elfu kumi. Nakala zikiwa chache, kila moja hubeba mzigo mkubwa. Lakini katika mkutano uliopita tulijadili kwa saa mbili fedha za viti vipya vya ukumbi huu, tukazikubali. Viti hivi vya zamani, nionavyo, bado vinatuchukua.

Basi hili ndilo ombi langu. Kwanza, Chama kiweke sanduku moja la vitabu vya picha katika chumba chetu, ufunguo ukae kwa Bwana Mwandishi, na daftari la kuazima liwepo. Mimi nitaliandika bila malipo. Pili, kila mwanachama alete kitabu kimoja kwa mwaka, au thamani yake. Tatu, pasiwe na faini kwa kitabu kilichoraruka, maana kitabu kisichoraruka ni kitabu kisichoshikwa. Faini iwe kwa mzazi akifungiaye kabatini mwake, kama nilivyofanya mimi. Nne, mashine hii ya zamani itupigiayo gazeti ifanye kazi ya pili. Karatasi moja, ikipigwa chapa pande zote mbili, ikikunjwa mara mbili na kukatwa, ni kitabu cha kurasa nane. Mashine haiwezi rangi wala vivuli, lakini mistari myeusi inaiweza sana, na watoto watatia rangi wenyewe. Kila mmoja wetu anazo hadithi alizopewa na bibi yake. Tuandike moja kwa mwezi.

Nimeleta mfano, nao utapita mikononi mwenu sasa. Ni habari ya mbuzi aliyekula barua ya tarishi. Maneno ni yangu, wala hayazidi arobaini. Picha hakuchora mchoraji. Zimechorwa na mwanangu wa kwanza, yule wa darasa la tano, kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi ya nta, jioni tatu mfululizo, mbele ya taa ile ile. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akasema mbuzi wangu anafanana na kiti. Kitabu kilipokwisha hakunisomea, nami sikumwomba. Dada yake ndiye aliyekuwa akimngoja.

Bwana Mwenyekiti, naliacha ombi hili mikononi mwa mkutano.



(Mwandishi wa Chama anaarifu: ombi hili litapigiwa kura katika mkutano ujao. Wanachama wa vituo vya mbali waandike rai zao mapema.)